Nilimwachia Kabla ya Filimbi

Wiki iliyopita niliwaacha nikiwa nimeketi kwenye benchi la kusubiria, gumba la mkono wa kushoto limeteguka, na baba amesimama mbele yangu akichezea ufunguo wa gari.

Kwa aliyelikosa gazeti: mimi ndiye Yeter. Kwetu jina hilo maana yake ni "inatosha". Baba alinipa jina hilo ili Mungu aelewe kwamba mabinti sasa basi. Mungu akamletea wengine wawili.

Nilitolewa shule darasa la tano nikachunge ng'ombe. Baba alikuwa anawafundisha kaka zangu mieleka ya kijijini, ile ya kwenye nyasi, nami nikawa kitu chao cha kurusha. Nilirushwa mpaka nikajua kurusha. Ndivyo nilivyofika timu ya taifa ya Uturuki, na ndivyo nilivyofika kwenye ukumbi ule wa Istanbul, kwenye mashindano ya kutafuta nafasi za Olimpiki. Katika kila uzani, wawili wanaoingia fainali ndio wanaokwenda. Wengine wote wanarudi kwao. Mimi nilikuwa nimebakiza nusu fainali.

"Nimeegesha mlango wa nyuma," baba alisema. "Ni kuwasha tu na kuondoka."

"Baba, bado nina pambano."

"Najua. Sasa nisikilize. Ukiingia fainali, sitakugusa tena. Endelea na mieleka yako mpaka uote mvi. Ukianguka, unapanda gari na nguo hizo hizo ulizovaa. Ng'ombe hawajakamuliwa vizuri tangu uondoke."

"Mama hajambo?"

"Mama yako yupo."

Asubuhi ile nilikuwa nimeongea na mama kwa simu. Maneno yake yalikuwa yanapita kwenye pengo jipya la meno ya mbele. Sikumwuliza amejikwaa wapi. Nyumbani kwetu hakuna anayejikwaa.

Kocha Hikmet akaja na taulo begani. Ni mtu mfupi, masikio yote mawili yamevimba kama maandazi kwa sababu ya kusuguliwa na vichwa vya watu maisha yake yote.

"Kaka Bekir, mwache mtoto apumue."

"Mtoto ni wangu."

"Ni wako, kaka yangu, nani amekataa? Ila kwa dakika sita zijazo ni wangu. Nenda kakae, mbegu zako za alizeti zinakusubiri."

Baba akatema ganda la mbegu karibu na kiatu cha Kocha, akapanda kwenye viti vya watazamaji.

Kocha akachuchumaa mbele yangu.

"Serap unamjua. Amezaliwa Ujerumani, anapigania Ujerumani, lakini baba yake ni mtu wa Yozgat, huku huku Uturuki. Atakutukana kwa lugha ya nyumbani ili ukasirike. Usimjibu."

"Kocha, mimi huwa siwezi kumjibu mtu."

"Ndiyo maana nakupenda. Na gumba hilo mfiche. Yule anavunja vidole kama mtu anayekula mkate mkavu."

Tukaitwa.

Refa alitukagua kucha, akatazama kama kila mmoja ana kitambaa chake cha kufutia damu, akatuambia tupeane mikono. Serap aliushika wangu wa kushoto kwa mikono yake miwili, kama mtu aliyempenda mgeni.

"Hujambo, mdogo wangu? Hiki ndicho kinachouma?"

Akalizungusha gumba. Nilimeza ukelele wangu wote. Refa aliona wanawake wawili wanasalimiana vizuri.

Filimbi ililia na kitu cha kwanza nilichopokea ni kichwa. Serap aliingia kama anataka mguu, lakini paji la uso wake lilitua juu ya jicho langu. Nyusi ikapasuka. Damu ikaingia jichoni, nikawa namwona nusu.

"Refa! Kichwa hicho! Kichwa!" Kocha akapiga kelele.

Refa alinyoosha viganja: endeleeni, ni bahati mbaya.

"Unanuka ng'ombe," Serap alininong'oneza tukiwa tumeshikana shingo. "Waliwaogesha pamoja leo asubuhi?"

Jibu zuri lilikuja kichwani nikiwa nimeshafika bafuni jioni. Pale pale lilinitoka la adabu tu. Nikasema, "Ndiyo, dada."

Akacheka, na katika kicheko kile akanipiga ngwala. Nilianguka kwa ubavu, akanirukia mgongoni, kiwiko chake kikanisaga mbavu. Pointi mbili kwake. Akajaribu kunipindua nikaugandia mkeka kama kupe, akachoka, akanipiga goti la paja refa akiwa upande wa pili. Tuliposimama nilimsukuma kwa hasira mpaka akatoka nje ya duara. Pointi moja kwangu. Raundi ikaisha.

Kocha alinifuta damu kwa nguvu kana kwamba anapangusa meza.

"Unamwita dada?"

"Ni mkubwa kwangu, Kocha."

"Dada yako anataka kukuua. Mbebe! Kila akikuvuta shingo anauacha mkono wa kulia juu. Ingia chini yake, mbebe kama gunia la vitunguu."

Nilitazama juu. Baba alikuwa anatafuna mbegu zake. Ufunguo ulikuwa unaning'inia kidoleni.

Raundi ya pili Serap alinivuta shingo, mkono wa kulia ukabaki juu, nami nikaingia. Nilipiga magoti chini yake, nikamweka mabegani, nikasikia pumzi ikimtoka. Nikamviringisha. Alitua kwa mgongo kwa kishindo nilichokisikia kwenye meno yangu. Nikamlalia kifuani. Pointi mbili. Tatu kwa mbili, mimi naongoza!

Refa alijitupa kifudifudi, shavu lake likagusa mkeka, akichungulia mabega: yote mawili yakibanwa kwenye mkeka, pambano limekwisha. Bega la kushoto liligusa. Bega la kulia liligusa. Niliyaona. Baba aliyaona. Ukumbi wote uliyaona, ukapiga ukelele mmoja.

Nikamwachia.

Si kumwachia tu. Nilisimama nikamnyooshea mkono nimwinue.

Msinicheke. Kwenye nyasi za kwetu hakuna filimbi. Tumbo la mtu likitazama mbingu na mgongo ukigusa, amekwisha, na aliyemwangusha anaachia hapo hapo, anamwinua mwenzake, wanakumbatiana. Mimi sikuambiwa sheria hiyo. Nilipigwa fimbo ikaingia. Kaka yangu akizidisha kunikandamiza nikiwa nimeshaanguka, fimbo ya baba ilimpata mgongoni. Mimi nikizidisha, ilinipata miguuni. "Anayemshikilia aliyeanguka ni mbwa juu ya mzoga!" baba alifoka kila mara. Miaka yote hiyo kaka zangu na mimi tuliachia kabla hata ya kufikiri. Mkono ulijiachia wenyewe.

Lakini refa hakuwa amepiga mkeka. Alikuwa bado anamtazama mkuu wa mkeka mezani, akisubiri amkubalie kwa kichwa. Filimbi ilikuwa mdomoni. Haikulia.

Serap aliutazama mkono wangu. Sitausahau uso ule. Alikuwa mtu aliyekwisha kufa, na maiti akanyooshewa mkono.

"Ahsante, mdogo wangu," akasema.

Akaushika na kuuvuta. Nilikwenda mbele uso kwanza. Goti lake likanipokea mdomoni, nikasikia jino limelegea. Kabla sijajua juu ni wapi alikuwa mgongoni kwangu, kiganja chake kimenikandamiza shavu kwenye mkeka, ananisugua kama mtu anayekwangua samaki. Pointi mbili kwake. Nne kwa tatu.

"Umefanya nini?" Sauti ya Kocha ilikuwa ya mtu anayelia. "Yeter, umefanya nini, mwanangu?"

Akarusha mkekani kipande cha sponji anachopewa kila kocha, maana yake anadai majaji watazame picha. Alitaka waseme kwamba mabega yaligusa, pambano liliisha. Wakatazama. Mabega yaligusa, walikubali. Lakini hakuna aliyeyashikilia mpaka yakathibitishwa. Mshindani mwenyewe amemwachia mwenzake. Dai limekataliwa, na sheria ni kwamba dai likikataliwa mpinzani anapewa pointi.

Tano kwa tatu. Sponji moja ikanizika.

Juu kwenye viti baba alikuwa amesimama. Nilidhani anashuka kuwasha gari.

Damu ilikuwa imechafua mkeka, kwa hiyo daktari aliruhusiwa kunifunga kichwa. Kocha alipiga magoti karibu yangu akazungumza polepole, kama anavyozungumza mtu na farasi aliyeingiwa na woga.

"Kule kwenu mgongo ukigusa nyasi, imekwisha. Sawa?"

"Sawa, Kocha."

"Hapa haijaisha. Hapa mpaka yule mwenye meza akubali, refa apige mkeka, filimbi ilie. Mpaka hapo yeye ni mzima na wewe hujashinda. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Hata akilia."

"Hata akilia."

"Hata akimwita mama yake."

Niliitikia kwa kichwa. Jino likaniuma.

"Bado dakika moja na kidogo," Kocha akasema. "Ni nyingi. Watu wamekufa kwa dakika chache kuliko hizo."

Serap alirudi akitabasamu. Sasa hakutaka kupigana, alitaka kukimbiza saa. Alinishika vidole. Kila nilipoingia alilishika lile gumba akalikunja kwa nyuma, na kila lilipokunjwa ukumbi uliniwia mweupe.

"Mbona huniiti dada?" alininong'oneza. "Nyoosha mkono tena, mdogo wangu. Niinue."

Nikaunyoosha.

Niliunyoosha wa kushoto, wenye gumba. Nilijua atalikimbilia. Alilikimbilia kwa mikono yote miwili, kichwa chake kikaja mbele, na mimi nikafunga mkono wangu wa kulia shingoni mwake, nikaupitisha chini ya kwapa lake na kumbana mkono pamoja na kichwa. Gumba lilitoa mlio. Sikulijali tena, halikuwa langu. Nikageuza nyonga.

Tulipaa sote wawili. Yeye alitua chini, mimi juu, na mkono wake wa kulia ukabaki umenaswa kati ya mkeka na mgongo wake mwenyewe, umepinda mahali ambapo mkono haupindi.

"Mkono!" Serap alilia. "Mkono wangu! Niachie!"

Refa akajitupa kifudifudi tena. Bega moja lilikuwa juu kidogo, la upande wa mkono ulionaswa. Ili liguse, ilibidi nikandamize. Nikikandamiza, mkono ule ungekwenda.

"Niachie, wallahi unavunjika! Mama! Mama!"

"Usiachie!" Kocha alikuwa amelala kifudifudi pembeni ya mkeka, uso wake mwekundu. "Filimbi, Yeter! Subiri filimbi!"

Na kutoka juu, kwenye viti, ikashuka sauti niliyoijua kabla sijajua kuhesabu.

"Mwachie!"

Mkono wangu ulitaka kufunguka. Nawaambieni kweli, vidole vilianza. Sauti ile ilikuwa ndani ya nyama zangu. Nikaviona vidole vyangu vinafunguka, nikaona gari mlango wa nyuma na injini inanguruma, nikasikia sauti ya mama inavyopita kwenye pengo.

Nikakandamiza.

Ulivunjika kama kuni kavu. Bega likagusa. Mkuu wa mkeka akakubali kwa kichwa, kiganja cha refa kikapiga mkeka, na filimbi ikalia, ikalia, mpaka refa alipokuja kunitoa kwa mikono yake kwa sababu sikujua tena namna ya kuachia.

Nilishinda. Mkono wangu uliinuliwa juu. Ukumbi ulikuwa wetu, bendera zilikuwa zetu, watu waliimba. Mimi niliinamisha uso kwa sababu mdomo ulikuwa umejaa damu na niliona haya kutema mbele za watu.

Machela ikaja. Serap alikuwa mweupe kama jibini. Aliwazuia wabebaji kwa mkono mzima.

"Ulinisikia?" akaniuliza.

"Nilikusikia, dada."

"Mbwa wewe."

Wakambeba.

Nilidhani mabaya yameisha. Kumbe kocha wa Wajerumani alikuwa mezani, anapiga ngumi, anaelekeza skrini. Alidai kwamba niliendelea kukandamiza baada ya filimbi, kwa makusudi. Majaji watatu wakainuka kwenda kutazama upya. Wakikubaliana naye, nafutwa. Fainali inakwenda kwa mwingine, na Olimpiki pia.

Kocha Hikmet alinishika mabega akanisogeza nje ya mkeka, kwenye njia ya saruji karibu na mlango.

"Simama hapa. Usiende popote, usimguse mtu, usikohoe kwa nguvu. Wanatafuta kama wewe ni mtu wa fujo. Mpaka watoke kwenye skrini ile, wewe ni malaika. Nani?"

"Malaika, Kocha."

"Vizuri. Malaika mwenye jino linalocheza."

Nikacheka kidogo. Ndipo nikamwona baba.

Aliruka kizuizi wakati walinzi wanatazama machela. Alikuja moja kwa moja, ganda la mbegu limemganda mdomoni.

"Umeona, baba?" nikamwambia. Nilikuwa na furaha kama mjinga. "Fainali."

"Nimeona."

"Ulisema nikiingia..."

"Nilisema ukishinda kama mtu. Wewe umevunja mkono wa aliyelala chini. Nimekuita mbele ya ukumbi mzima, umenisikia, ukaendelea."

"Filimbi ilikuwa bado."

"Mimi nilikufundisha filimbi?"

Nilimeza damu. 

"Panda gari," akasema.

Kocha akaingia kati. "Kaka Bekir, hapa si malishoni. Mtoto amefuata sheria. Ngoja majaji wamalize, tunywe chai, tuongee kama..."

Baba alimpiga ngumi ya pua. Sijui alikuwa ameitunza tangu lini. Kocha alikaa chini kwenye saruji, mikono usoni, damu inapita katikati ya vidole.

Kisha baba alinishika msuko wa nywele akauzungusha kiganjani mara mbili, kama alivyokuwa akimfanyia mama, na kuanza kunivuta kuelekea mlango wa nyuma.

"Baba, niache. Wananitazama."

"Watazame. Wajue una mwenyewe."

"Baba, nakuomba."

"Nyamaza! Nitakuanzia wewe, kisha nitamalizia na aliyekuzaa."

Aliinua mkono wa pili. Mkono ule nilikuwa naujua. Ukija kutoka juu hivyo, unaacha ubavu wazi na mguu wa mbele unakuwa mzito ardhini.

Sikufikiri. Goti langu likashuka, bega langu likaingia kwenye paja lake, mikono yangu miwili ikakutana nyuma ya goti, gumba lililovunjika na yote. Nikainuka.

Alikuwa mwepesi. Hilo ndilo lililonishangaza. Miaka yote hiyo nilidhani nyumba nzima imesimama juu ya uzito wa mtu yule, kumbe nilikuwa nimebeba wasichana wazito kuliko yeye asubuhi hiyo hiyo.

Miguu yake miwili ilikuwa hewani. Nywele zangu zilikuwa bado mkononi mwake. Muziki wa ukumbini ukakatika. Mbele yetu majaji watatu walikuwa wametoa macho kwenye skrini, wamegeuka, wananitazama mimi.

"Binti," Kocha akasema kutoka chini, kwa sauti ya puani. "Binti, polepole."

Na baba, mdomo wake karibu na sikio langu, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, akasema:

"Yeter, usinibwage mbele za watu."

Chini yetu hapakuwa na mkeka. Ilikuwa saruji tupu.